Maziwa ya Kukata Sumu

Mume wangu alimvuta dada yake mpaka mlangoni, dada mtu bado kashika sufuria ya mchuzi.

Mimi nilikuwa sakafuni. Midomo imevimba, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Sauti ilikuwa imekatika, lakini kidole nilikuwa nacho. Nikamnyooshea wifi yangu.

"Umemwekea nini mke wangu?"

"Kaka, mchuzi huu hata mimi nimeula."

"Toka."

Akatoka pekupeku...

Ngoja niwarudishe nyuma, maana wengine hamkuwepo.

Wifi alihamia kwetu baada ya kuachika. Ni mpishi wa shule, na mikono yake inasifika. Mimi ni fundi cherehani, narudi nyumbani hoi, kwa hiyo jiko nikamwachia.

Wiki ya kwanza, nikila tu midomo inawasha. Ya pili, vipele shingoni. Ya tatu moyo ukaanza kwenda mbio, kifua kinabana, jasho jembamba linanitoka.

Nikamweleza fundi mwenzangu.

"Shoga, unalishwa sumu."

"Na wifi yangu? Kwa lipi?"

"Wewe ukiondoka, nani anabaki na nyumba ya kaka yake? Weka maziwa kwenye mkoba. Yanakata sumu."

Nikaweka. Midomo ikianza kuwasha, najifungia chooni, nakunywa pakiti nzima. Na kila nikinywa, hali inazidi. Nikasema kumbe sumu yenyewe ni kali!

Siku ile ya sakafuni nilikuwa nimekunywa pakiti mbili.

Hospitali daktari akaniuliza, "Ulikula nini?"

"Sumu."

"Nauliza chakula, mama."

Nikamtajia mchuzi. Maziwa sikuyataja. Nani anahesabu dawa kuwa chakula?

Nikiwa kitandani ndipo nikaandika ile post. Mnaikumbuka. Niliweka picha ya wifi akiwa na aproni ya kazini, juu yake nikaandika "Mpishi wa sumu". Mliisambaza mpaka simu yangu ikachemka. Nilifurahi, sitawaficha.

Siku ya tatu asubuhi, mhudumu wa wodi akaniletea uji. Nikala vijiko vitatu.

Midomo ikawasha.

Koo likabana, macho yakaingia giza. Nikasikia muuguzi anaita daktari, halafu sindano pajani.

Nilipopata nafuu, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda na bakuli langu la uji.

"Wifi yako alikuja leo?"

"Hapana."

"Basi huu uji una maziwa. Mwili wako unayakataa. Hukujua?"

Nikampigia mama yangu mzazi. Utoto wangu wote nilikunywa chai ya rangi, nikiamini ni shida tu za nyumbani, na ukubwani nikabaki nayo kwa mazoea.

"Mama, kwa nini hukuwa unanipa maziwa?"

"Yalitaka kukuua hujatimiza hata mwaka. Sikutaka ukue na woga, nikanyamaza. Kwani nani kakupa?"

"Nimejipa mwenyewe, mama."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, anasikia. Akainamisha kichwa, kisha akaniambia ukweli. Yeye ndiye aliyemwambia dada yake kwamba nimekonda, anitafutie kitu cha kunipa nguvu. Wifi akawa anatia maziwa kwenye mchuzi ili ninenepe.

Nilipotoka hospitali nilimfuata wifi, nikamkuta kwenye chumba cha kupanga, anafua nguo za watu. Mzazi mmoja alimpelekea mwalimu mkuu post yangu, na kazi ikaishia hapo. Kila jiko alilobisha hodi, walikuwa wameshaiona picha.

"Nimeifuta, wifi. Nisamehe."

"Umefuta ya kwako. Hizo nyingine utazifutaje?"

Nililia, yeye hakulia.

Akanimiminia maji ya kunywa. Kabla hajanipa, akanywa mafunda mawili mbele yangu, akafuta ukingo wa kikombe, ndipo akanisogezea.

Ndugu zangu, mwili ukikataa chakula, mwambie daktari kila kilichopita mdomoni, hata kile unachokiita dawa. Na kabla hujamtaja mtu, hakikisha.

Ile post mliisambaza bila kuniuliza swali hata moja. Naomba na hii muisambaze. Wifi yangu bado anatafuta jiko la kupikia.