Kiumbe Anayekula

Chusa hakikuwa chombo cha anga cha maringo. Kazi yake ilikuwa kufukuza mabaki yaliyozagaa angani na kuyanasa kwa kamba ya sumaku, na safari hii kilinasa kibanda cha utafiti kilichokuwa kikiporomoka kuelekea sayari ya Mshtarii. Mhandisi Zawena alipita kwenye ujia uliounganisha vyombo viwili, akachungulia kioo cha mlango, akaduwaa.

Ndani alikuwamo msichana.

Taarifa za kibanda zilieleza kisa chote. Wazazi wake walifariki kwa maradhi yeye angali mchanga, akalelewa na mlezi-chuma, mashine ya kulisha na kuogesha ambayo kipaza sauti chake kilikuwa kimeungua. Hakukumbuka neno wala uso wa mtu. Na bado kuta zote alikuwa amezichora kwa ncha ya kijiko: Mshtarii na miezi yake, njia ya kila mmoja, hata kivuli cha kupatwa kwa jua ambako kulikuwa bado hakujatokea.

"Nani kamfundisha?" aliuliza Nahodha Kombo kwenye redio.

"Hakuna, Nahodha. Kajifunza mwenyewe, kwa kutazama dirishani." Zawena mambo hayo aliyasomea chuoni, tena kwa kukaririshwa.

"Basi mtoe upesi. Kamba inalegea, nitalazimika kuiachia."

Tatizo, mlango ulifunguka kwa ndani tu. Zawena akagonga. "Hodi! Hodi, mwanangu!" Msichana akajificha nyuma ya mlezi-chuma. Zawena akagonga kwa nguvu, akazidi kuharibu. Alipokumbuka adabu aliacha, akavua kofia ya anga, akasogea kando kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Kidirisha cha kupitishia sampuli, kilicho mlangoni, kikafunguka. Kipande cha mkate mkavu kikasukumwa nje.

"Nahodha, kanipa chakula! Na taarifa zinasema ghala lake ni tupu. Hiki ndicho cha mwisho."

"Mrudishie, masikini!"

Zawena alikuwa karibu kukirudisha alipoyaona macho ya msichana kwenye kioo. Yalikuwa yakiutazama mdomo wake bila kupepesa. Ndipo alipoelewa. Mlezi-chuma hali chakula. Tangu apate akili, msichana huyu hajaona kiumbe mwingine anayekula. Alikuwa anapima, kwa akiba yake yote, kama yuko peke yake.

Zawena akala. Alitafuna polepole huku machozi yakimtoka, akameza.

Msichana aligusa koo lake mwenyewe. Kisha akashika komeo, akafungua.