Nimemwacha Selestina

Cecil alikuwa anatembea kinyumenyume katikati ya soko la Masasi, simu kainyoosha mbele ya uso, miwani myeusi kaipandisha kichwani, akiwakaribisha watazamaji wa chaneli yake. Ghafla akakalia beseni la ming'oko, vile viazi vya porini.

"Kaka, hicho ni chakula cha watu!"

Akageuka. Msichana mwenye gauni la kijani na kanga ya njano kiunoni alikuwa amemkazia macho, lakini mdomo wake ulishindwa kununa.

"Samahani dada. Nilikuwa naongea na watu."

"Watu gani? Mbona nakuona peke yako?"

Cecil aliirusha video vilevile ilivyo. Mpaka siku ile chaneli yake ilikuwa inatazamwa na yeye na mama yake, lakini hii watu waliimaliza. Na alijua maana yake. Mtandao ukiona watu wanaangalia mpaka mwisho, unawapendekezea na wengine, na hao nao wengine. Kesho yake akarudi sokoni kumtafuta yule binti.

Aliitwa Selestina. Kwao Mkunya, kule Newala, ila siku za soko alilala kwa shangazi yake Masasi. Wakaanza kurekodi pamoja, yeye akipika, Cecil akimuuliza maswali ya kijinga, na mapenzi yakaingia bila hodi.

"Mpenzi, anza kwa kucheka. Algorithimu ya mtandao inataka watu wanaswe mwanzoni."

"Huyo Algorithimu wako ana makuu kuliko mama mkwe," Selestina akajibu, na kicheko hicho kikaingia kwenye video.

Posa ikapelekwa. Mjomba Eliakimu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alimtazama Cecil kwa muda. "Chezea simu yako, kijana. Mpwa wangu usimchezee." Cecil akaapa, na wakati ule aliapa kweli.

Matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Lakini chaneli ilikuwa imeanza kudorora. Mapishi yaliwachosha watu, mtandao ukaacha kuyapendekeza, na Cecil akaingiwa na hofu. Jumamosi moja wakiwa sokoni wakirekodi, akamfanyia mzaha, akakimbia na kumwachia mabeseni yote. Mwisho wa video alirudi, akabeba mzigo na kusema, "Nilimwacha sokoni tu, jamani!" Usiku akajipaka kitunguu machoni, akajipiga picha akilia, akaiweka iwe picha ya jalada la video na kuandika juu yake: NIMEMWACHA SELESTINA. Hakumwambia mwenzake. Alijua angekataa.

Mtandao ukaanza kuipeleka kwa wale waliozoea kuwatazama, yaani Newala nzima.

Asubuhi kasisi wa Mkunya alisoma matangazo kwa mara ya pili, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Mama Huruma wa kwaya akasimama, machozi yanamlengalenga.

"Baba Kasisi, naumia kusema. Kijana ameshamwacha. Nimemuona mwenyewe analia."

Bando lilikuwa limemwishia kabla hajafika mwisho wa video. Mama Selestina akajifunika kanga usoni na kutoka nje.

Cecil alikuwa Masasi simu ilipoita.

"Cecil, umeniacha?"

"Hapana, mpenzi wangu! Angalia mpaka mwisho, ni utani!"

"Mimi nimefika mwisho. Mama hakufika. Kanisa zima halikufika."

"Ni kichwa tu cha video, Sele."

"Ulijua ningekataa?"

"Nilijua."

"Basi ifute. Sasa hivi, nikiwa hapa kwenye simu."

Cecil akaifungua chaneli. Video ilikuwa inapanda kuliko zote alizowahi kurusha, na namba zilibadilika akiziangalia. Kidole kikasita.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

Simu ikakatwa. Kesho yake aliifuta, lakini wengine walikuwa wameshainakili, inazunguka. Akapanda gari kwenda Newala. Selestina hakutoka ndani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Alikuomba leo, ukamwambia kesho." Mzee Eliakimu hakumkaribisha kiti. "Kesho yenyewe ndiyo hii. Rudi kwenu."

Alirudi, na alijuta. Alijuta akila, akirekodi, akipita penye ming'oko sokoni. Chaneli ilikua kwa muda, kisha ikafa, na hata hakuisikitikia.

Msimu wa korosho uliofuata, simu ikampendekezea chaneli mpya. Ilikuwa ni mikono tu, inapanga ming'oko chunguni, uso hauonekani. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la kuungua na mafuta ya korosho, lile Selestina alilolipata utotoni akibangua na mama yake. Cecil alikuwa amelibusu kovu lile mara nyingi.

Hakuandika neno. Ila kila video ilipotoka aliiangalia yote, bila kuruka hata kidogo, kwa kuwa alijua ndivyo mtandao utakavyoipeleka mbele.

Siku moja mkononi palikuwa na pete ya ndoa. Sauti ya mwanaume nyuma ya kamera ikauliza swali la kijinga, na Selestina akacheka, kicheko kilekile cha sokoni. Cecil alitaka kuizima. Machozi yalimtoka, safari hii bila kitunguu. Akaiacha iendelee mpaka mwisho, kisha akairudia tangu mwanzo.