Singe ya Mzee Shimba

Samaki yule, sato, alikuwa ametoka kwenye barafu, amekakamaa kama ubao, lakini Dorotea alipompasua tumbo, damu ilibubujika ya moto, ikamchoma vidole.

Akaitupa singe chini. Kisu chake kilikuwa kimevunjika asubuhi ile, na singe hiyo ya bunduki aliipata ndani ya sanduku la baba yake, Mzee Shimba, aliyehamia kwake Kiseke kutoka Sengerema akiuguza mguu. Mzee alipigana Vita vya Kagera. Ukoo mzima ulijua kwamba alimpokonya adui singe ile kwenye mapambano makali.

Dorotea aliiosha, akairudisha kimyakimya. Haikusaidia kitu. Tangu siku hiyo, ikifika saa tisa alasiri, jua likiwaka juu ya mawe, nyumba ilianza kunuka baruti na migomba mibichi, kisha vishindo vya buti vikaizunguka polepole. Ukichungulia, humwoni mtu. Kuku tu wanapisha njia.

Siku ya nne, binti yake Odeta aliacha daftari, akasimama, akainua mikono juu ya kichwa, akasema kwa sauti nzito ya kiume, kwa lugha asiyoijua: "Nsonyiwa, ssebo." Akaanguka.

Mzee Shimba aliuliza, "Nani kafungua sanduku langu?"

Dorotea alikuwa mwanakwaya, mambo ya waganga hakuyataka. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kesho yake akamleta Bi Zakia kutoka Buzuruga. Mganga alifukiza ubani, akasikiliza, kisha akamgeukia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jini limeingia kwenye chuma hiki siku kilipolowa damu ya mtu, na sasa limeamka, linasema kwa sauti ya marehemu. Ubani peke yake hauliwezi. Yule uliyemuua alikuambia nini?"

"Tulikuwa vitani," mzee alinong'ona.

"Baba, nakuomba, sema," Dorotea alimsihi kwa sauti ya chini, maana buti zilikuwa zimekwisha kuvuka kizingiti, zikapita sebuleni bila haraka, zikaacha matope mekundu sakafuni ilhali mvua haikunyesha wiki nzima, zikafika hadi kwenye mkeka alikolala Odeta, na pale zikasimama, na pumzi ya mtoto ikaanza kukatika.

"Alikuwa ametupa bunduki," mzee alisema. "Kijana mdogo. Aliinua mikono, akaniita bwana, akaniomba msamaha. Nikaichomoa singe kwenye mkanda wake mwenyewe. Miaka yote hii najiambia kwamba lugha yake sikuijua."

"Uliijua?" mganga aliuliza.

"Kuomba usiuawe kunahitaji lugha gani?"

"Basi mjibu," alisema Bi Zakia.

Mzee akapiga magoti juu ya mguu ule mbovu, machozi yakimtiririka. "Nilikuelewa, mwanangu. Nilikuelewa, nikakuua. Nisamehe."

Harufu ikakatika. Odeta akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaomba uji. Bi Zakia aliiviringisha singe kwenye gunia aende kuizika.

"Ametoka, mzee wangu. Inuka upumzike."

Mzee Shimba hakuinuka. Macho yake yalikuwa mlangoni.

"Huyo," alisema, "alikuwa wa kwanza."

Dorotea aliugeukia mlango. "Wako wangapi, baba?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza bila sauti. Vya mkono wa kulia vikaisha. Akahamia wa kushoto.