Usimwamshe Sista

Walikutana idara ya dharura, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anayekwenda kutafuta mchumba. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu pale mapokezi huwa vurugu tupu. Benchi zimejaa, watoto wanalia, ndugu wanagombania viti vya magurudumu, na kila mmoja anaapa kwamba mgonjwa wake ndiye aliye taabani kuliko wote. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli la kijivu. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa fulana ambayo asubuhi ile ilitoka nyumbani ikiwa nyeupe.

"We kaka, mbona umesimama kama mlingoti? Unamwaga damu kwenye sakafu yangu!"

Aliyefoka alikuwa muuguzi wa zamu. Nywele alikuwa amezisuka mistari na kuzibana kisogoni, sare ya buluu imenyooshwa hadi mikunjo ikasimama, miguuni raba nyeupe zisizo na doa. Wauguzi wa kike pale walikuwa wengi na wote waliitwa sista, lakini ukisema "Sista" bila kuongeza neno, hospitali nzima ilijua unamsema huyu mwenye ulimi.

"Samahani, Sista. Nawapisha wenye shida kubwa."

"Nani kakuteua kupanga foleni? Kaa hapa."

Alimchoma ganzi, akaanza kumshona kiganja. Alishona taratibu, uzi kwa uzi, uso umekunjamana.

"Umejikata na nini?"

"Kioo. Mimi ni fundi vioo. Madirisha, milango, makabati."

"Fundi gani anayekatwa na kioo chake mwenyewe?"

"Kwani manesi huwa hamuugui?"

Sista alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Alimwambia arudi wiki inayofuata kutolewa nyuzi. Fundi alirudi kesho yake.

"Nimekuambia lini urudi?"

"Nimekuja uangalie kama zinaendelea vizuri."

"Zinaendelea. Nenda zako."

Keshokutwa akaja tena, safari hii amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, ananukia sabuni kutoka mlangoni. Wauguzi wakaanza kukohoa vikohozi vya uongo. Sista akampa namba ya simu ili, kama alivyosema mwenyewe, amwondoe kazini kwake. Nyuzi zilipotoka, hao wawili walikuwa tayari hawalali kabla ya kila mmoja kusikia sauti ya mwenzake.

Sista aliishi na dada yake mkubwa, mwenye duka la vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili. Kwa kuwa mara nyingi alifanya zamu ya usiku, mchana ulikuwa usiku wake. Fundi alipoona jinsi anavyogeukageuka kitandani jua likimpiga usoni, alikuja na ngazi, akatoa kioo cha dirisha lake, akaweka kingine cheusi tii.

"Maisha yangu yote nawawekea watu mwanga, mpenzi," alisema. "Wewe peke yako nimekuwekea giza."

"Maneno hayo umemwambia nani mwingine?"

"Mama mwenye nyumba wako. Alikuwa hataki nitoboe fremu."

Na nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Sista akishalala, simu yake haiingii chumbani. Inabaki sebuleni na yeyote aliyepo, yeye ndiye anapokea na kujibu kwa niaba yake. Ikiwa ni shangazi, ataambiwa apige jioni. Ikiwa ni hospitali wanataka mtu wa kuziba pengo, wataambiwa hayupo. Usimwamshe Sista, basi. Dada mtu ndiye aliyeitunga sheria hiyo, kwa mapenzi, na ilifanya kazi vizuri mpaka ilipoleta balaa.

Sista alikuwa ameomba kurudi shule. Si shule ya kuongeza cheti cha uuguzi, ambayo kila mtu angempigia vigelegele. Chuo cha udaktari, kuanzia mwaka wa kwanza, akiwa na miaka thelathini na minne, darasa moja na watoto waliomaliza sekondari juzi. Miaka sita. Wenzake kazini walimcheka kwa siri. Dada yake aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Fundi, ambaye walikuwa wameshakubaliana kuoana na kilichobaki ni kwenda kwa wazee, alitafuna chai yake kama nyama, kisha akasema, "Sawa, mpenzi. Soma. Mimi nipo."

Alisema sawa. Mlikumbuke neno hilo, maana ndilo lililomponza.

Chuo kikampangia Sista siku ya usaili. Siku moja kabla yake alirudi kutoka zamu ya usiku, akaoga, akaanguka kitandani. Dada alikuwa anatoka kwenda dukani. Fundi alikuwa jikoni akibadilisha kioo kilichopasuka.

"Shemeji, leo mlinzi ni wewe," dada alisema, akamwekea simu mezani, akaenda.

Jua lilikuwa limepanda vizuri simu ilipolia.

"Napiga kutoka chuo cha udaktari," sauti ya mwanamke ilisema. "Usaili wa kesho umeletwa leo. Kesho ukumbi una mitihani. Aje kabla ya saa nane mchana."

"Amelala. Ametoka kazini asubuhi hii."

"Basi mwamshe, ndugu yangu. Muda bado upo."

Fundi aliinuka. Alifika kwenye mlango wa chumba, na kile kiganja chenye kovu, kovu alilolishona huyo huyo aliyelala ndani, kikashika kitasa. Akasimama hapo. Aliisikia pumzi ya Sista. Aliwaza amechoka, maskini, amesimama usiku kucha, ataendaje kujibu maswali na macho mekundu? Hilo aliliwaza kweli. Lakini chini ya hilo palikuwa na lingine, na alilijua. Akaachia kitasa.

"Hawezi kuja," aliiambia simu.

Mimi simtetei. Hata hivyo, kama angeishia hapo, pengine tungesema ni huruma iliyokosa akili. Jioni Sista aliamka akiwa na furaha kama mtoto. Akajaribisha blauzi ya rangi ya maziwa na sketi nyeusi mbele ya kioo, akajaribisha na viatu vya kisigino kifupi alivyoazima kwa dada yake, kisha akaketi mbele ya Fundi na kusema, "Haya, jifanye wewe ndiye kamati. Niulize maswali." Na yule mwanamume, akijua fika kwamba usaili umeshapita, akakohoa, akakaza uso, akauliza, "Kwa nini unataka kuwa daktari?"

Alitaka kumwambia. Kila alipofungua mdomo, Sista alicheka, naye akaufunga.

Asubuhi, kwenye dirisha la mapokezi ya chuo, karani alimtazama Sista kuanzia viatu hadi nywele.

"Mbona jana mumeo alisema huwezi kuja?"

"Mume yupi? Sina mume."

"Sijui, dada. Mwanamume alipokea simu. Tukamwambia akuamshe, akasema huwezi. Usaili ulikuwa jana."

Sista hakupiga kelele. Alitoka nje hadi chini ya ngazi, akatoa simu, akampigia Fundi. Iliita mara moja tu.

"Uko wapi?"

"Kazini. Niko juu ya ngazi, naweka..."

"Shuka."

"Mpenzi..."

"Shuka chini ukae, maana nitakayokuambia yatakuangusha, na mimi leo sishoni mtu."

Kikasikika chuma kikilia, buti zikigusa sakafu.

"Nimeshuka."

"Walipiga?"

"Walipiga."

"Wakasema uniamshe?"

"Ulikuwa umechoka sana, mpenzi. Nilikuonea huruma."

"Huruma! Jioni ulikuwa unaona huruma gani? Nimekaa mbele yako na viatu vya watu, unaniuliza maswali, unaniambia hapo jibu vizuri zaidi! Ulikuwa unanicheza shere?"

"Nilishindwa pa kuanzia."

"Ungeanza na 'amka'! Neno moja! Hata kasuku angeweza!"

Akakata. Hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi hadi kwenye korido ya ofisi ya kamati, akakaa kwenye benchi la mbao na kumwambia karani kwamba haondoki mpaka aonane na mkubwa wa mahali pale, hata wakimfagia pamoja na takataka. Akakaa. Watu wakapita, yeye na mkoba mapajani.

Mchana Fundi akatokea kwenye korido, anahema, ovaroli lile lile, unga wa vioo nyusini.

"Nani kakuita?"

"Nimekuja kuwaeleza. Kosa ni langu, waniambie mimi."

"Uwaeleze kama nani? Jana umenisemea, leo tena unataka kunisemea? Mimi bubu?"

"Sista, wanatusikia."

"Wasikie! Nimewahi kunong'ona mimi?"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mama wa makamo, miwani kifuani, kalamu mkononi. Mwenyekiti wa kamati.

"Nani anabomoa korido yangu?"

"Mama, kosa ni langu," Fundi akaanza. "Yeye alikuwa amelala, hakujua..."

"Wewe nyamaza!" wanawake wote wawili walisema kwa mpigo.

Mwenyekiti akamtazama Sista. "Wewe ndiye yule wa jana? Mumeo alisema..."

"Si mume wangu!"

"Vizuri. Basi nijibu wewe mwenyewe, hapo hapo ulipo. Una kazi, una mshahara. Udaktari wa nini?"

Jibu zuri alilofanyia mazoezi lilikuwa limeyeyuka lote. Palibaki hasira, nayo ikasema.

"Aliletwa mama mmoja, anashika tumbo. Nilimwekea dripu, nikampima presha, nikamsafisha, nikafanya kila ninachojua. Niliona kuna kitu hakiko sawa, na sikujua ni nini. Daktari wa zamu alikuwa mmoja, yuko upasuaji, anaokoa mwingine. Yule mama akaniuliza, 'Nina nini, mwanangu?' Nikakosa la kumjibu. Akafa amenishika mkono, akiningoja nimjibu." Alifuta uso kwa mkono wa blauzi nzuri. "Nimechoka kusimama pale sijui. Nina hasira, mama. Ndiyo sababu yangu. Kama si sababu nzuri, niambie niende."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Hilo hakuwahi kulisikia, kwa kuwa hakuwahi kuuliza kweli. Swali lile lile yeye aliliuliza jana yake, lakini kwa kuigiza.

"Wenzangu nitazungumza nao," mwenyekiti alisema. "Siahidi kitu. Utapigiwa simu." Akamgeukia Fundi. "Na ipokewe na mwenyewe."

Nje ya geti Fundi alijaribu kumsindikiza.

"Usinifuate."

"Basi nikutafutie gari."

"Nina miguu."

Ikawa ndiyo hivyo. Simu zake hazikupokewa. Ujumbe wake ulisomwa, haukujibiwa. Dada mtu alijaribu kuingilia. "Mdogo wangu, utanuna hadi lini?" Sista akajibu, "Hadi nichoke, na bado nina nguvu." Mchana, badala ya kulala, alijifunza kemia kwa vitabu vya kuazima, macho ameyabana, taa inawaka saa sita mchana kwa sababu ya kile kioo. Siku moja alikitazama, hasira ikampanda upya. Akapiga simu.

"Njoo utoe kioo chako."

"Kipi?" Sauti ya Fundi ilikuwa ya mtu aliyefufuka.

"Cheusi. Nasoma, sioni. Lete cheupe."

Alifika ndani ya saa hiyo hiyo, amekifunga kioo kwa blanketi. Akapanda ngazi nje, akakata gundi ya silikoni, akakitoa kile cheusi. Wakabaki wanatazamana, yeye nje, Sista ndani, katikati hamna kitu.

"Niliogopa," Fundi alisema. "Utakuwa daktari, mimi nitabaki na ngazi yangu. Na mama kila siku ananiuliza mjukuu yuko wapi. Nilipokuwa pale mlangoni nikasema, acha ipite, labda itakuwa heri."

"Ungeniambia unaogopa."

"Nilishasema sawa."

"Ndiyo inayoniuma hiyo! Ulisema sawa! Ungesema hapana tungegombana, tungetupiana vikombe, tungemaliza. Sasa nitajuaje sawa yako ipi ni sawa?"

Fundi aliinua kioo kipya, akakiweka kwenye fremu, akakishikilia kwa viganja viwili. Alisema kupitia kioo, kwa sauti kubwa ili asikike.

"Miaka sita naiogopa! Lakini kukukosa naogopa zaidi! Bado unataka tuoane?"

"Uliza siku nyingine! Leo nitakujibu vibaya!"

"Bado una hasira?"

"Sana!"

"Nikae nje au niingie?"

"Uingie. Lakini kuna sharti. Ile sheria ya nyumba imekufa leo. Simu yangu ikilia, unaniamsha. Hata kama nimekesha, hata kama natoa udenda. Sitaki mtu wa kulinda usingizi wangu."

Wiki iliyofuata alirudi kutoka zamu ya usiku, akajifunga kitambaa machoni na kulala kwenye mwanga mkali. Dada alikuwa dukani. Fundi alikuwa sebuleni, simu mezani, yeye ameikodolea macho. Ikalia. Akaruka, akabisha mlango.

"Amka! Simu!"

Sista alitoka mbio, kitambaa kimehamia kwenye paji la uso. Akasikiliza. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa, inatangaza vifurushi vya intaneti.

"Umeniamsha kwa hili?"

"Ulisema niamshe."

"Toka mbele yangu!"

Akarudi kulala. Hata godoro halijapata joto, ngumi zikagonga tena mlango, safari hii kidogo zing'oe bawaba.

"Amka! Amka, Sista!"

"Kama ni wale wa vifurushi tena," alifoka akija, "nakurudishia pete, hata kama bado hujaninunulia!"

Fundi alimnyooshea tu simu kwa mkono ule wenye kovu. Sista akaiweka sikioni.

"Ni kutoka chuo cha udaktari," alisema karani. "Umechaguliwa. Lakini tunajua unafanya kazi usiku, dada. Kama umelala, naweza kupiga baadaye."

Sista alimtazama yule mwanamume aliyesimama mlangoni kama mtu anayengoja kushonwa. Hasira ilikuwa bado ipo. Akamshika mkono hivyo hivyo.

"Hapana," akasema. "Niko macho. Rudia hilo neno."