Maziwa Yaliporudi

Chepngeno alimfunua mumewe mbele ya wanaume wote.

Alilivuta blanketi mara moja tu. Wakamuaji wakaacha kuongea. Shavu la Kiprugut lilikuwa limeungana na shingo, ngozi inang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta.

Kiprugut hakuweza kusema neno. Alimtazama tu... na macho yale, ndugu zangu, yalisema: umeniuza.

Lakini msimhukumu bado.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, shamba la mzungu kule Sachangwan. Kiprugut alikuwa ametoka jandoni juzijuzi. Mwanaume aliyekabili kisu bila kupepesa jicho, sasa alilie jino? Lilipoanza kumuuma alijifunika blanketi, akasema ni baridi. Sachangwan baridi haikosi, kwa hiyo wenzake waliamini.

Alimwapisha mkewe, Chepngeno, asimwambie mtu.

Taya lilipokaza, nyumbani ikabidi wajue. Baba yake, Mzee Kipketer, hakushtuka. Kwao mtoto alitolewa meno ya mbele ya chini, ili siku taya likifunga, anyweshwe kupitia mwanya.

"Si anakunywa?" Mzee aliuliza. "Anayekunywa hafi."

Hospitali alikataa kabisa. Hakutaka isemwe mwanawe amekimbizwa Nakuru kwa sababu ya jino.

Basi Chepngeno akawa anamimina maziwa kidogo kidogo kwenye ule mwanya. Mikono ilichoka kukamua ng'ombe wa mzungu, ikaja kuchoka tena kwa kushika kichwa cha mume. Alikuwa bibi arusi mpya, mtu wa haya, asiyeweza kumtazama baba mkwe usoni, sembuse kubishana naye.

Asubuhi hiyo alimimina maziwa kama kawaida.

Yakarudi... yote.

Kiprugut hakuweza kumeza hata mate. Pumzi yake ilikoroma. Hapo Chepngeno akaelewa: mwanya unaingiza maziwa, lakini haufungui koo.

Lori la maziwa lilikuwa tayari kwenda Nakuru. Akamkokota mumewe hadi uwanjani. Nyapara akacheka, akamwambia dereva asibebe mlevi.

Ndipo akalivuta lile blanketi.

"Umemwaibisha mwanangu," Mzee Kipketer alisema.

Chepngeno alimjibu akiangalia chini. "Nimemwaibisha, Baba. Niache nimpeleke na aibu yake, angali anapumua."

Dereva, Peterson, alishusha mikebe miwili ya maziwa. "Pandeni," akasema.

Nakuru daktari hakumweka foleni. Alimpasua chini ya taya, usaha ukatoka, jino likang'olewa. Muuguzi aliwaeleza kwamba uvimbe ulikuwa unaziba njia ya hewa. Wangengoja lori la kesho, lingebeba maiti.

Taya lilipofunguka, neno la kwanza la Kiprugut lilikuwa, "Nililia waliponipasua. Ulisikia?"

"Sikusikia kitu," Chepngeno akasema.

Naye alikuwa amesimama mlangoni wakati wote.

Waliporudi, watu walingoja Mzee amrudishe Chepngeno kwao. Mzee hakumfukuza. Hakumsemesha pia. Alipita tu, amejifunika blanketi, kama mtu apitaye kando ya kaburi. Chepngeno akakamua, akachota maji, akapika, akangoja. Kungoja nako kunachosha.

Asubuhi moja akiwa anakamua, alisikia mtu amesimama upande wa pili wa ng'ombe.

"Lori linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili, Baba."

Ng'ombe akatafuna.

"Na kule... wanaumiza?"

"Wanaumiza, Baba. Halafu inaisha."

Mzee akashusha blanketi mwenyewe. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba. Kumbe alikuwa akitafunia upande mmoja tangu mvua iliyopita, huku akimkataza mwanawe hospitali.

 Chepngeno aliweka ndoo chini, akaenda kumwambia Peterson aache nafasi ya mtu mmoja.

Wewe unayesoma hii umeshika shavu, ukijiambia utaenda kesho... Ukiona uvimbe umeshuka shingoni, au mate hayamezeki, nenda leo. Nenda umejifunika, ukitaka. Ila nenda.