Mkono wa Mchora Mabango

Asubuhi hiyo mchora mabango alikaa kitandani kama bwana harusi. Mkewe alimvalisha shati. Binti yao akamfunga vifungo. Uji ukaja, mkewe akaanza kumlisha kwa kijiko.

"Fungua mdomo, mume wangu."

"Nimeufungua! Unataka uone na tumbo?"

Walicheka, lakini yeye moyoni hakuwa na kicheko. Miezi miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Akapona, ila mkono wa kulia ulibaki umelegea. Huo ndio mkono ulioandika mabango ya nusu ya mtaa. Kila siku alijiuliza jambo moja: je, nitashika brashi tena? Hakumuuliza mtu. Aliogopa jibu.

Mara mlango ukagongwa. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mchangamfu kutoka zahanati.

"Shikamoo, mzee. Nani amekufunga vifungo?"

"Mimi," binti alijibu kwa fahari.

"Na uji?"

"Mimi mwenyewe," mke akasema. "Hagusi kitu. Tunamtunza kama yai."

"Basi mikono yenu ninyi wawili itakuwa na nguvu sana," mtaalamu alisema.

Mke akakunja uso. "He! Kumpenda mume wangu kumekuwa kosa?"

"La, mama. Mpende. Ila mkono huu wenyewe haukuumia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayouamuru. Sehemu nyingine ya ubongo inaweza kujifunza kazi hiyo. Hujifunza mkono unapofanya kazi, tena na tena."

Mchora mabango akakaa wima. "Ubongo unajifunza? Hata huu wangu wa miaka hamsini na sita?"

"Hata huo."

"Kwa hiyo mkono utarudi kama zamani?" Lo, swali limetoka.

"Siwezi kukuahidi, baba. Wengine hurudi sana, wengine kidogo. Ila mkono usiotumika huzidi kudhoofu."

Akawaeleza la kufanya. Afanye mazoezi mafupi, mara nyingi kwa siku. Atumie vitu vya kila siku, kama kikombe, kitambaa na vifungo. Akichoka apumzike. Wasimvute mkono huo wanapomwinua. Na dawa za shinikizo la damu asiziache, hata akijisikia mzima.

Kesho yake kifungo kimoja kilimchukua dakika kumi na mbili. Mkewe alisimama pembeni, anataka kusaidia, anajizuia. Mwisho akatoka nje kabisa.

Lakini mchora mabango alianza kuutazama mkono wake kwa hamu ya kujua. Kwa nini kidole gumba kinachelewa? Kwa nini asubuhi ni rahisi kuliko jioni? Kila mara mtaalamu alipokuja, alimkuta na maswali mapya.

"Mwanangu, kumbe kifungo ni kazi ya vidole vitano!" alimwambia binti yake. "Nimefunga vifungo maisha yangu yote, sikuwahi kujua."

Si kila siku ilikuwa njema. Siku moja alilitupa shati sakafuni, akalia kama mtoto. Mkewe alikaa karibu naye, naye akalia. Kisha akaliokota shati, akampa tena.

Mwezi wa tano tangu augue, alishika brashi. Ikamponyoka. Binti akauzungushia mpini kitambaa ili unenepe. Sasa brashi ikakaa mkononi.

Zamani herufi zake zilikuwa na mikia, mapindo na maua. Watu walizisifu, naye alivimba kichwa. Sasa mkono ulikubali mistari iliyonyooka tu. Jirani muuza maziwa alimwomba bango, akaliandika akiwa ameketi kitini: MAZIWA YAPO. Ilimchukua siku tatu.

Lilipotundikwa dukani, alilitazama akaona haya. Herufi kubwa, tupu, hazina hata ua moja! Alitamani kulifuta.

Mama mmoja mfagia barabara akasimama mbele ya duka. Akaegemea fagio lake. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Ma... zi... wa. Ya... po." Akaruka. "Maziwa yapo! Jamani, nimelisoma!"

"Unajifunza kusoma?" mchora mabango aliuliza.

"Mwaka huu ndio nimeanza, kwenye darasa la watu wazima. Mabango ya mtaa huu yamenishinda. Yana mapindo mengi, sijui herufi inaanzia wapi. Nilidhani mimi ni mjinga. Hili limeandikwa na nani?"

Mchora mabango alitazama upande mmoja wa barabara, kisha upande wa pili. Mabango yale yenye mapindo yote yalikuwa yake.

"Ni mimi," alisema. "Na yale mengine ni mimi pia. Nipe muda, dada. Nitayaandika upya."