Jiwe la Kuzamishia Kamba

Jua lilikuwa linazama tulipofika kwa mtumbwi kwenye boya letu, mimi na mdogo wangu Manutahi, kuvuta kamba ya kunasia chaza wachanga. Kwa misimu miwili kamba zetu zilipanda tupu. Ikiwa tupu tena, Manutahi angelazimika kupanda meli ya kwenda mjini Papeete kutafuta kazi, anitwishe mzigo wa mama na kisiwa chote.

"Vuta, dada. Au umekuja kupunga upepo?"

"Funga mdomo. Vuta upande wako."

Kamba ilikuwa nzito. Ilipochomoza, nikaiinamia. Kila uzi ulijaa chaza, wadogo kama kucha za mtoto, wamebanana.

Manutahi akaangua kicheko.

Ch-ch-ch.

Chaza wote walijifumba kwa pamoja.

"Umesikia?" nikanong'ona.

"Nasikia njaa yangu tu."

Wakafunguka tena, taratibu. Wote walikuwa wamemwelekea yeye. Ikaja harufu... si ya bahari. Ya moshi uliopoa na mafuta ya nazi yaliyochacha.

Mwisho wa kamba likaibuka jiwe la kuzamishia. Lilichongwa mraba.

"Manutahi... hili umelitoa wapi?"

Akatazama pembeni. "Mzimuni. Jiwe ni jiwe. Wazee walioujenga ukuta ule wamekufa, hawajengi tena."

Sikuweza kumlaumu. Aliiogopa ile meli kuliko wafu.

"Toa mkono kwenye kamba."

"Siwezi, dada."

Nilidhani ananitania. Nikasogea. Chaza walikuwa wamepanda vidoleni mwake, wamemng'ang'ania. Chaza mchanga hushika kitu kilichotulia, na yeye, kwa mshangao, alikuwa ametulia.

"Chezesha mkono! Usitulie!"

Nikawabandua kwa kisu. Walitoka na ngozi.

Tulipiga makasia hadi ufukweni, tukaenda mzimuni moja kwa moja, yeye amelikumbatia jiwe, mimi nimeshika tochi. Nyuma yetu, kwenye mchanga mkavu...

Ch... ch... ch...

"Usigeuke," nikamwambia.

Alipiga magoti mbele ya ukuta wa kale, akalisukuma jiwe mahali pake. Likapitiliza hadi ndani. Hatukusikia likitua.

"Nilitoa moja tu," akanong'ona. "Naapa, dada. Moja tu."

Nikamulika. Mawe ya ukingoni yalikuwa na ukungu wa miaka mingi, hayajaguswa na mtu. Lakini pengo lilikuwa refu kama mtu aliyelala. Upana wake, upana wa mabega.

Mabega ya Manutahi.

Moshi uliopoa ulinuka kutoka humo. Nikamvuta mkono. Hakuja. Alikuwa akilitazama pengo kama mtu aliyefika nyumbani kutoka shambani.

"Nimechoka," akasema polepole. "Acha nijinyooshe kidogo."

"Manutahi, simama! Simama, mjinga wewe!"

Nikalikamata shati lake kwa mikono miwili, nikamtikisa kwa nguvu zangu zote.

Mle ndani, gizani, kitu kikajisogeza... kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.